Vanguard inagonga mbele kushoto kwenye kabro, linki mpya na bado

MkaaTudor #1
Salaam wazee. Gari ni Toyota Vanguard ya 2010, injini 2.4, tairi 225/65R17. Inagonga mbele kushoto. Ni kotokoto nyepesi nyepesi, hasa kwenye kabro za mjini, mwendo wa 20 hadi 30. Lami safi hakuna kitu. Tuta likipandwa sawasawa na magurudumu yote mawili, kimya. Linki za stabilaiza (ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) zimebadilishwa kushoto na kulia, mlio haukuondoka. Boljointi (kiungo kinachoshika gurudumu kwenye amu ya chini) imetingishwa, fundi asema nzima. Sasa anataka shoki mbili mpya za mbele. Mimi nasema shoki haina hata tone la mafuta nje, kwa hivyo si yenyewe. Nani apinga?

FundiMiritini #2
Wa aleikum salaam. Napinga nusu. Shoki kutovuja si ushahidi kwamba ni nzima. Ndani mna pistoni na vali, zikichakaa fimbo inapanda na kushuka bila kuzuiwa, na nje utaona pakavu kabisa. Tena nati ya juu ya fimbo ikilegea hata kidogo, inatoa kotokoto hiyohiyo. Lakini fundi wako naye anakimbilia duka mapema mno. Tenganisha sauti kwanza. Toa linki zote mbili, stabilaiza uifunge kwa waya isiguse kitu, kisha pita kabro ileile kwa mwendo uleule. Mlio ukipotea, ni linki au bushi za stabilaiza, ile mipira inayoishikilia. Ukibaki, stabilaiza umeshaiondolea lawama bila kununua chochote. Nenda polepole, maana gari lisilo na stabilaiza linalala sana kwenye kona. Na usitoe linki moja ukaacha nyingine, hapo hujapima kitu.

SpanaKumiNaSaba #3
Linki mpya ndiyo ya kushukiwa mwanzo, si mwisho. Tazameni inavyofungwa. Nati yake ni spana ya 17, na kwenye ncha ya boliti kuna tundu la aleni ya 6. Unashika boliti kwa aleni isizunguke, unakaza nati. Wengi wanapiga bunduki ya upepo moja kwa moja: boliti inazunguka pamoja na nati, mpira wa linki unajisokota na kuchanika, na nati inasimama ukadhani imefika kumbe haijabana. Hapo linki ni mpya na inagonga kuliko ile iliyotupwa. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), 74 Nm. Halafu mwangalie kama uso wa stabilaiza pale boliti inapoingia ulikuwa na kutu. Kutu ikikandamizwa inapondeka, nati inalegea yenyewe baada ya siku chache.

BintiBamburi #4
Naongezea ya #3. Fundi anayepima linki huku ameinua gurudumu moja kwa jeki hapimi kitu. Upande mmoja ukining'inia na mwingine uko chini, stabilaiza inajipinda na kuivuta linki ikakaza kama kamba. Uchezaji wote unafichika. Ama magurudumu yote mawili yawe chini, ama yote mawili yaning'inie. Kizuri zaidi ni gari kwenye shimo la gereji au juu ya rampu, lisimame kwa magurudumu yake. Mtu mmoja alisukume bodi kando kwa kando, mwingine ashike linki kwa vidole. Linki iliyokufa utaisikia kwa mkono kabla ya sikio.

KabroTu #5
MkaaTudor, umeshajijibu mwenyewe kwenye #1, hukutambua tu. Tuta ukilipanda sawasawa, magurudumu mawili yanapanda pamoja na stabilaiza inazunguka tu ndani ya bushi zake, haipindwi. Ndiyo sababu kimya. Kabro zimekaa vingine: jiwe moja limezama, la pili limeinuka, kila gurudumu linacheza peke yake na stabilaiza inapindwa huku na huku. Tafuta tuta, ulipande kwa pembe, gurudumu la kushoto litangulie, mwendo wa mtu anayetembea. Ikigonga hapo na isigonge ukipanda sawasawa, baki na stabilaiza: linki, bushi, au vishikizo vyake.

MzeeGanjoni #6
Nyote mmeshika stabilaiza, hakuna hata mmoja aliyeuliza breki. Kotokoto ya mwendo mdogo kwenye vijiwe, mara nyingi ni pedi zinacheza ndani ya kalipa (kibanio cha breki). Wakibadilisha pedi, vile vibati vya kushikilia juu na chini wanavitupa au wanarudisha vya zamani vilivyokwisha nguvu. Pini za kalipa nazo zikikauka grisi zinalika na kuanza kucheza. Jaribio lake halina gharama: pita kabro, mguu wa kushoto uguse breki kidogo sana, pedi ziguse diski bila gari kupunguza mwendo. Mlio ukikatika, weka shoki yako mfukoni.

MkaaTudor #7
Ahsanteni. Ya #6 nimeijaribu: mlio unapungua, haupotei. Tuta la pembe: inagonga, lakini gongo lenyewe ni zito kuliko la kabro.

MzeeGanjoni #8
Unapungua! Fungua kalipa.

FundiMiritini #9
Mzee, taratibu. Jaribio la breki lina majibu mawili. Ukigusa breki unakaza pedi, sawa, lakini vilevile unalisukuma gurudumu nyuma, na loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) inaegemea upande mmoja wa bushi yake. Bushi iliyochanika inanyamaza kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo "unapungua" inaweza kuwa kalipa, inaweza kuwa bushi kubwa ya nyuma ya loa amu. Kuzitofautisha: gari lisimame, mtu akanyage breki sana, injini inawaka, ahamishe D, R, D, R akigusa mafuta kidogo. Wewe ukae kando, utazame amu kupitia upenyo wa gurudumu. Bushi nzima inasogea kidogo kwa ulaini na kurudi. Iliyokufa, amu inaruka na utasikia "dung". Magurudumu ya nyuma yawekewe magogo, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari.

Ila kama "dung" hiyo yatoka juu, kwenye injini, hiyo ni mauntingi ya injini na ni habari nyingine.

PradoNjema #10
Boljointi nayo msiipitie haraka. "Imetingishwa" haitoshi. Jeki iwekwe chini ya loa amu, gurudumu liinuke kidogo, kisha uingize mtaimbo chini ya tairi uinue. Ikicheza juu na chini, imekwenda.

BintiBamburi #11
PradoNjema, hiyo ni kweli kwa gari lako, si kwa lake. Inategemea springi imekaa wapi. Prado springi ya mbele inabeba juu ya loa amu, uzito wa gari unapita kwenye boljointi ya chini. Kuipunguzia mzigo lazima uinue amu. Vanguard na Rav4 springi imo kwenye shoki yenyewe, uzito unapanda juu hadi kwenye mauntingi ya shoki na boljointi ya chini haibebi gari. Ukiinua amu hapo, unaikandamiza boljointi na kuficha uchezaji. Kwa hizi unainua bodi, gurudumu lining'inie huru, stendi chini ya bodi, ndipo unaingiza mtaimbo kati ya amu na nakoli (chuma kinachobeba gurudumu). Ukifuata njia ya #10 kwenye Vanguard, utaambiwa boljointi nzima wakati imelika.

PradoNjema #12
Nimekusikia, dada. Sawa kabisa. Basi MkaaTudor, muulize fundi aliweka jeki wapi.

LikoniFeri #13
Hakuna aliyetaja chumvi, na sisi tuko Mombasa. Gari linalopita feri kila siku linakanyaga maji ya bahari pale kwenye rampu. Hata lisilopita, upepo wa bahari unaleta chumvi hadi uvunguni. Kitu cha kwanza kuvunjika kwa kutu ni mzunguko wa mwisho wa springi, ule wa chini unaolalia kwenye kikombe cha shoki. Matope na chumvi vinakaa hapo, rangi inabanduka, na siku moja kipande cha chini kinakatika. Gari halianguki, linashuka kidogo tu, na kile kipande kinabaki kikombeni kikigonga kwenye vijiwe. Pangusa kikombe kwa brashi, umulike kwa tochi, ufuate waya wa springi hadi ncha yake. Ncha ya kiwandani imekatwa safi. Iliyovunjika ina uso wa chengachenga na kutu mpya.

Na mnaoosha uvungu, ulizeni maji ya kar washi yanatoka wapi. Visima vingi huku ni maji ya chumvi. Unalipa kuongeza kile unachotaka kutoa. Maji matamu, presha ya wastani, basi.

SpanaKumiNaSaba #14
Chumvi hiyohiyo inakula stabilaiza ndani ya bushi. Mpira unashika unyevu, chuma kinalika kikawa chembamba pale pale. Unaweka bushi mpya ya kipimo sahihi, bado inacheza. Kabla ya kuweka, sugua kutu kwa msasa hadi chuma laini, kisha pima unene kwa venia, ndani ya bushi na nje. Tofauti ikiwa hata nusu milimita, stabilaiza yenyewe ndiyo ya kubadilishwa. Msiongezee kipande cha tyubu ndani ya bushi. Kinanyamaza mvua ya kwanza, ya pili kinaanza upya.

Mtwapa_Kwetu #15
Jamani na nyuma? Mwaka 2012 Toyota iliita Rav4 za 2006 hadi 2011 kule Marekani zirudishwe zikarekebishwe, kwa sababu ya amu ya nyuma namba moja, ile yenye kurekebisha toe (gurudumu kuelekea ndani au nje). Nati za kufungia zisipokazwa vizuri baada ya alaimenti, nyuzi zinacheza, zinashika kutu, zinalika, na amu inaweza kuachana kabisa. Vanguard ni ndugu wa Rav4 hiyo, chasi ya nyuma inafanana. Huku kwetu kila mtu anapiga alaimenti kila akibadilisha tairi. Piga magoti, shika amu hiyo kila upande, izungushe kwa mkono. Nati zisizobana utazijua, na nyuzi zenye kutu nyekundu mbichi msizikaze tu mkaenda zenu. Amu ibadilishwe.

MzeeGanjoni #16
Mtu alia mbele kushoto, wewe wampeleka nyuma kulia hadi Marekani.

Mtwapa_Kwetu #17
Mzee, hata kama si yeye, mwenye Rav4 mwingine anasoma hapa, na hiyo si kelele tu, ni gurudumu kugeuka njiani. Na sauti inasafiri. Subfremu ni chuma kimoja kutoka kushoto hadi kulia, gongo la kulia linasikika kushoto. Kwenye Vanguard za viti saba, viti vya nyuma vikikunjwa bila kufungwa vizuri vinagonga kabisa kama shoki. Mlango wa nyuma pia unafunguka kwa pembeni, una vishikizo vya mpira na kufuli. Mpira ukilika, mlango mzito ule unacheza kwenye kila jiwe. Jaribu kubandika kitambaa kwenye kishikizo uone. Jeki na spana za gari nazo zitolewe kabla ya kupima chochote.

KabroTu #18
Kuna jambo la usukani halijaguswa. Rav4 za kizazi hiki zinajulikana kwa gongo dogo la shafti ya kati, ile inayounganisha usukani na reki (kifaa cha chini kinachogeuza magurudumu). Linasikika kama liko chini ya miguu ya dereva, na unalihisi kwenye usukani wenyewe. Gari lisimame, injini inawaka, zungusha usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, kama robo ya robo, upesi. Mwenzako ashike viungio vya shafti kwa kiganja pale miguuni, kisha ashike reki endi kwenye gurudumu. Atakapohisi gongo, ndipo penyewe. Tairodi endi na reki endi zinapimwa hapo hapo, kazi moja.

FundiMiritini #19
Kwa upande wa kulia, ndiyo. Lakini kaka yetu asikia kushoto na dereva yuko kulia. Siikatai, naiweka chini ya orodha.

MkaaTudor #20
Marejesho. Linki zote mbili zimetolewa, stabilaiza imefungwa kwa waya. Kotokoto ya kabro imeondoka karibu yote. Limebaki gongo moja zito upande wa kushoto nikishuka kwenye shimo, na jingine kama hilo nikizungusha usukani gari likiwa limesimama, "tong" moja. Kikombe cha springi nimepangusa, ncha ni safi. Jeki ya fundi ilikuwa chini ya amu, kosa lilelile alilotaja BintiBamburi.

SpanaKumiNaSaba #21
Linki! Nilisema #3. Angalia kama mpira umesokotwa.

KabroTu #22
Au bushi za stabilaiza, bado hazijapimwa. Linki zikitoka, bushi nazo zinapumzika. Jaribio la #2 halitofautishi hizo mbili.

FundiMiritini #23
KabroTu kasema kweli. Na una milio miwili, si mmoja. "Tong" ya usukani gari likisimama ni beringi ya mauntingi ya shoki, au springi isiyokaa kwenye hatua yake kikombeni. Weka kiganja kwenye springi, mtu azungushe usukani polepole. Springi inapaswa kugeuka laini pamoja na gurudumu. Ikishikilia kisha ikaruka, beringi imeshika. Huo ndio mruko unaotoa "tong".

Ukifungua hapo: mauntingi ina nati tatu juu, na kuzifikia inabidi utoe mikono ya waipa na ile plastiki ya chini ya kioo. Usivunje vishikio vyake, maji ya mvua yatashuka pasipotakiwa. Nati ya katikati ISIGUSWE mpaka springi imebanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana. Springi hiyo ikiruka inaua mtu. Weka alama ya rangi juu na chini kabla ya kubomoa ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Wakati iko nje, sukuma fimbo ya shoki hadi chini uivute: iwe nzito mfululizo. Ukikuta pahala inapita bure halafu inashika, hiyo shoki imekwisha, na hapo fundi wako alikuwa na haki japo kwa sababu isiyo yake. Kibampa cha mpira na kava ya vumbi vibadilishwe hapo hapo, ni vya bei ndogo na vikipasuka vinagonga fimbo.

BintiBamburi #24
Na gongo zito la shimoni lisisahaulike. Hilo bado ni bushi ya nyuma ya loa amu mbele ya macho yangu, au boljointi ambayo haijapimwa sawasawa. Ukibadilisha bushi, boliti za amu zisikazwe kwa mwisho gari likining'inia. Mpira wa bushi umeshikana na chuma ndani na nje. Ukikaza amu ikiwa imeshuka, gari likirudi chini mpira unabaki umesokotwa siku zote na kuchanika mapema. Kaza nusu, shusha gari likae kwa uzito wake, lisukumesukume, ndipo ukaze kabisa. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, na bushi mpya inalaumiwa kuwa feki.

PradoNjema #25
Si mpira wa poliyurithani utamaliza yote hayo? Hauliwi na chumvi.

BintiBamburi #26
Hauliwi na chumvi, lakini ni mgumu. Mitetemo yote ya kabro utaipata ndani. Tena unazunguka badala ya kujisokota, kwa hivyo unataka grisi ya silikoni, na ikikauka unalia kwikwi. Kwa gari la familia nachagua mpira wa kawaida.

SpanaKumiNaSaba #27
Mimi sikubali. Kwenye bushi za stabilaiza poliyurithani inafaa, mradi grisi iwe ya silikoni. Kwenye loa amu, hapo niko nawe.

Mtwapa_Kwetu #28
Kwa wenye kwikwi badala ya gongo: msipulizie mafuta. Mafuta ya petroli yanavimbisha mpira. Chukua chupa ya maji, mwagia bushi moja, tingisha gari, kisha inayofuata. Kwikwi ikinyamaza, umeipata iliyokauka. Ndiyo maana gari likipita mvua linakuwa kimya hadi jua litoke.

MzeeGanjoni #29
Na kalipa yangu? Mlio ulipungua kwa breki, hilo halijajibiwa. Linki zikitolewa kotokoto inaondoka "karibu yote". Hiyo iliyobaki ni nini?

MkaaTudor #30
Haki yako, mzee. Kesho kalipa inafunguliwa kabla ya chochote, kisha boljointi ipimwe gari likiwa kwenye stendi za bodi, kisha D na R. Shoki hainunuliwi mpaka fimbo isukumwe kwa mkono. Linki moja ya kushoto mpira umesokotwa kweli, nimeiona. Ya kulia nzima. Bushi za stabilaiza nazo nimeagiza, ila nafasi pale nyuma ya reki ni finyu. Kuna anayejua njia ya kuzifikia bila kushusha subfremu?

SpanaKumiNaSaba #31
Ukilaza usukani upande mmoja kabisa unapata nafasi kidogo ya kuingiza ekstensheni ndefu na kiungo cha kupinda. Boliti ya upande mmoja inatoka, ya pili inakutesa. Ikishindikana, shusha subfremu kwa nyuma sentimita chache tu huku jeki ikiishikilia, usiiachie. Kabla ya kulegeza, chora mstari pale inapokaa, la sivyo alaimenti itakuja tofauti.

LikoniFeri #32
Boliti za amu na za subfremu zianzie leo usiku. Brashi ya waya kwenye nyuzi, mafuta ya kupenya, asubuhi tena, kisha ndipo spana, na mkono mrefu badala ya bunduki. Boliti ya loa amu ikishikana na chuma cha ndani ya bushi itazunguka bila kutoka, na hapo ni msumeno kati ya bushi na mabano. Uwe na boliti mpya mkononi kabla ya kukata. Ukirudisha, paka grisi ya shaba kwenye mwili wa boliti, kwenye nyuzi usipake, maana ukipaka toki inadanganya.

MzeeGanjoni #33
Na vibati vya pedi ununue vipya, vya pande zote mbili.